Mbio za sakafuni: msumeno, kidole gumba na ndoa yangu

Kukata sakafu ya lamineti mwenyewe nyumbani si kazi ya kutisha. Kuchagua kifaa ndiko kunakowashinda wengi, na mara nyingine tatizo haliko dukani, liko chumbani kwenu. Mhariri wako anasimulia yaliyomkuta Masasi, na anakupa darasa la misumeno alilolipata kwa gharama.

Mwenzangu, umewahi kununiana na mumeo siku tatu kwa sababu ya msumeno? Mimi nimewahi. Tena si kwa msumeno tuliokuwa nao, kwa ule ambao hatukuununua! Kama hujawahi, subiri siku mtakapoamua kumalizia nyumba kwa mikono yenu wenyewe. Ndipo utakapomjua vizuri mtu uliyeolewa naye, na yeye atakujua wewe.

Basi bwana, ilikuwa Julai ya mwaka jana. Tulikuwa likizo Masasi, nyumbani kwetu mimi, kwenye nyumba yetu ndogo upande wa kuelekea Mtandi. Kiwanja alitupa mama. Bati na madirisha yalitoka kwenye mishahara yetu ya Dar, na hela ya kumalizia ndani ilitoka kwenye korosho za mama za msimu uliotangulia. Kwa hiyo kila shilingi ilikuwa na macho.

Sebule tukapiga vigae kama wenzetu wote mjini. Jikoni vigae, bafuni vigae. Ila chumba cha kulala nilikiwekea nadhiri: nataka sakafu yenye sura ya mbao, ile ukikanyaga na miguu mitupu asubuhi haikurushi kwa baridi. Vigae nimeshavikanyaga Newala, ukweni, mwezi kama huo wa Julai, ukungu umetanda mpaka unasahau kama kuna jua. Usiombe!

Mume wangu ni mtu wa hukohuko Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Akasema, "Hiyo kazi naifanya mwenyewe. Fundi wa nini?" Nikafurahi. Ni mwanamke gani hapendi kusikia hivyo? Nilichosahau ni kwamba alikuwa anajenga kwa wakwe. Mwanamume akiwa kwa wakwe, hata kupigilia msumari mmoja kunageuka mtihani wa taifa.

KWANZA JUA UNACHOKIKATA

Kabla sijaendelea na umbea wangu, tuelewane kuhusu huu ubao. Lamineti tunaiita sakafu ya mbao, lakini ukiikata ukachungulia pembeni utakuta mambo mengine. Katikati kuna nyuzi za mbao zilizosagwa, zikashindiliwa kwa gundi na joto mpaka zikawa bapa gumu. Juu yake kuna karatasi. Ndiyo, karatasi, iliyochapwa picha ya mbao! Juu ya picha hiyo kuna tabaka jembamba la melamini lenye chembe za oksidi ya alumini, jamii ya chembe zinazotumika kutengenezea msasa. Chembe hizo ndizo zinazozuia sakafu isichubuke kwa viatu vyako vya kisigino, na ndizo zinazokula meno ya msumeno. Chini kabisa kuna tabaka la kuzuia ubao usipinde.

Walioanzisha mambo haya ni Waswidi wa kampuni ya Perstorp, mwaka 1977. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni zikaja mbao zinazofungana zenyewe, ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa ule, bila misumari wala gundi. Hapo ndipo watu wa kawaida kama mimi na wewe tulipopata jeuri ya kusema, "Kumbe hata mimi naweza."

Na kweli unaweza. Kupanga ni rahisi kama kufunga vifungo vya shati. Kazi iko kwenye kukata, maana ule uso wa juu ukikatwa vibaya unamegeka vipande vidogo kama kikombe cha udongo, na pale palipomegeka patakutazama kila siku unapoamka.

HESABU YA MIKATO

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Ninunue msumeno gani?" Swali hilo liweke kwanza. Anza na hili: chumba changu kinahitaji mikato ya namna gani, na mingapi?

Chukua chumba chetu. Urefu mita 3.6, upana mita 3.1, yaani kama mita za mraba 11.2. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyoharibika unafika 12.3. Mbao zetu zilikuwa na urefu wa sentimita 121.8, upana 19.8 na unene wa milimita 8, mbao nane kila boksi, ambazo ni kama mita za mraba 1.9. Tukahitaji maboksi saba. Tuliyanunua Dar na kuyasafirisha kwa lori.

Sasa mikato. Ya kwanza ni ya upana, unakata ubao ufupike. Kila mstari lazima uishie na kipande, na viungio vya mistari miwili inayofuatana visikaribiane chini ya sentimita 30, la sivyo sakafu inakosa nguvu. Kwetu ilikuja mikato isiyopungua 20. Ya pili ni ya urefu, unapasua ubao uwe mwembamba. Mistari 15 mizima ilikula sentimita 297, na tukiacha sentimita moja kila upande wa ukuta, mstari wa 16 ulibakiwa na sentimita 11 tu. Kwa hiyo mstari mmoja mzima, karibu mita 3.6, ulitakiwa kupasuliwa. Ya tatu ni ya kona, pale ubao unapozunguka fremu ya mlango. Kwetu zilikuwa mbili.

Mikato 20 mifupi, mmoja mrefu, kona mbili. Hiyo ndiyo orodha yako ya kwenda nayo dukani. Sisi tuliandika msumeno wa mkono wenye meno madogo na jigiso, ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Hela yake nilimkabidhi baba watoto mkononi, aende Gerezani, Kariakoo.

Akarudi na msumeno wa mkono. Jigiso hakuna. "Nilizoziona zote feki," akaniambia. "Lakini kuna jirani kule Masasi ana grenda. Grenda inakata kila kitu."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

SIKU YA GRENDA

Grenda unaijua, ile mashine ya kukatia vigae na nondo, inayopiga kelele mtaa mzima. Jirani alituletea yake asubuhi. Haikuwa na kava. "Kava linaziba macho," akasema, "sisi wote tumeng'oa." Juu yake amefunga bledi ya mviringo yenye meno, ya kukatia mbao.

Nilipata wasiwasi, lakini si unajua tena, mwanamume yuko kwa wakwe, mama amekaa kibarazani anaangalia, watoto wa jirani wamejipanga ukutani. Nikanyamaza.

Mbao mbili za kwanza zilikatika, ingawa kingo zilikuwa kama zimetafunwa na panya. Ubao wa tatu, bledi ikabana. Kwa anayejua mashine, neno hilo linatosha. Grenda ilirukia nyuma kama mbuzi aliyeshikwa mguu, ikapita juu ya mkono wa kushoto aliokuwa ameshikia ubao. Nilichosikia kwanza ni mama akisema, "Mwanangu!" Alikuwa hamwambii mimi.

Kanga yangu ikawa bandeji. Bodaboda ikawa gari la wagonjwa. Nyuzi saba chini ya kidole gumba, na daktari akatuambia kwamba kisu kingeingia kidogo tu zaidi, mshipa wa kukunja kidole ungekwenda. "Kila mwezi napokea mkono wa grenda," akasema huku anaosha mikono yake. "Na kila mtu ananiambia alikuwa anamalizia kidogo tu."

Nimekuja kuelewa baadaye ni kwa nini. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa mviringo uliotengenezwa kwa ajili ya mbao huzunguka kama nusu ya hapo, una kava, una bati la kukalia juu ya ubao, na mishiko yake imepangwa ili mikono yote miwili iwe mbali na meno. Bledi ya meno kwenye grenda ina mbio za grenda na ubishi wa msumeno, bila chochote cha kuizuia. Ikibana kidogo tu, inakuja kwako.

Usiku ule nilikaa macho pembeni ya kitanda. Simu yake ikalia, ujumbe wa sauti kutoka kwa wifi yangu. Akaniomba nimfungulie maana mkono ulikuwa umefungwa. Nikafungua. "Kaka, ahsante sana, godoro limefika, shuka zimefika, mwanao amepokelewa shuleni leo. Mungu akuzidishie."

Mpwa wake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano. Hela ya jigiso ilikuwa imekwenda kununua godoro, shuka, sare na nauli.

"Ningekwambiaje?" akasema, anaangalia ukuta. "Kwamba hela ya mama yako nimempelekea dada yangu?"

Msomaji wangu, mimi si malaika. Nilinuna. Si kwa sababu ya godoro. Mtoto angelala chini? Nilinuna kwa sababu mtu alikuwa karibu kupoteza kidole ili asiniambie sentensi moja. Miaka mitatu nimekaa chuo kikuu nasomea mawasiliano, nina digrii kabatini, na ndani ya nyumba yangu sentensi moja imeshindwa kupita kutoka mto mmoja hadi mto wa pili.

KWA MJOMBA, NEWALA

Kama hujui mila za kwetu kusini, nikueleze kwa kifupi. Kwa Wamakonde, na hata kwa Wamakua na Wayao, ukoo hufuatwa upande wa mama. Mjomba si mtu wa kukuletea pipi sikukuu. Mjomba ndiye mwenye neno, na watoto wa dada yake ni mzigo wake kama wake mwenyewe. Kwa hiyo mume wangu kumnunulia mpwa godoro halikuwa jambo la hiari. Na yeye akiumia, mjomba wake lazima apewe habari. Siku ya nne tukapanda gari kwenda Newala, hatusemeshani.

Mjomba alituingiza ndani, akapokea shikamoo zetu, akauangalia ule mkono kwa muda mrefu. Huyu mzee ni mchongaji. Ujana wake alichonga mpingo Mwenge, Dar es Salaam, akarudi nyumbani macho yalipoanza kuchoka. Mpingo ni mti mgumu, ukiutupa majini unazama. Amefanya kazi nao kwa tezo, patasi na tupa, na vidole vyake vyote kumi vipo.

Tukamweleza. Yote, hadi godoro. Akamgeukia mpwa wake. "Kumsaidia mtoto wa dada yako ni wajibu wako, hakuna atakayekulaumu. Lakini ulipoficha, ulijifunga mikono. Ukashika chombo kilichobaki badala ya chombo cha kazi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mkwe, uliona kava halipo ukanyamaza ili mumeo asiaibike. Na hiyo nayo ni kuficha."

Kha! Mimi niliyekuja kushtaki!

Kwenye mkoba nilikuwa na kipande cha lamineti. Akakigonga kwa kucha, akakikwaruza pembeni. "Ngozi yake ngumu, nyama yake laini," akasema. "Meno makubwa yataichana ngozi. Tafuta meno madogo, yaanzie kwenye ngozi, na usikandamize. Msumeno hauna haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Tulipotoka tukapita Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo uwanda unaishia ghafla na bonde la Ruvuma linatandika chini mpaka Msumbiji. Tukasimama. Mume wangu akasema, "Nisamehe." Nikamwambia, "Na mimi." Tukarudi Masasi tunaongea njia nzima, kuhusu nini? Misumeno!

KIFAA KWA KIFAA

Haya ndiyo tuliyoyakusanya kwa Mjomba, kwa mafundi wa Masasi na kwa makosa yetu wenyewe. Siri kubwa ni moja, ikamate: meno ya msumeno humega upande yanapotokea, si upande yanapoingilia. Ukijua meno ya kifaa chako yanaelekea wapi, utajua uso wa ubao uutazamishe juu au chini.

Msumeno wa mkono. Hukata unaposukuma kwenda chini, kwa hiyo uso wenye picha uwe juu. Chagua wenye meno 10 au zaidi kwa kila inchi. Ule wa fundi wa kenchi, wenye meno kama mamba, uache kwenye kenchi. Hautaki umeme, na sisi wa kusini tunajua umeme unavyoweza kuaga bila kukohoa. Kwa mikato ya upana unatosha kabisa. Kwa mkato wa urefu utatoka jasho, lakini utafika.

Msumeno wa chuma. Upo karibu kila nyumba yenye fundi wa bomba. Meno yake ni madogo sana, hivyo unakata safi. Shida ni fremu yake: ukikaribia sentimita 10 ndani ya ubao inagota. Dawa yake ni kugeuza ubao na kukata kutoka upande wa pili mpaka mikato ikutane. Kwa mkato wa urefu usijisumbue, haufai.

Jigiso. Hii ndiyo rafiki wa mtu wa nyumbani. Inakata upana, inapasua urefu, inazunguka kona. Bledi ya kawaida hukata inapopanda, kwa hiyo ubao ulaze kifudifudi, picha itazame chini, na mistari yako ichore mgongoni. Zipo bledi zenye meno yanayotazama chini, ukizipata unakata picha ikiwa juu. Nunua bledi mbili au tatu za akiba, maana zile chembe za alumini hazina huruma. Ukiona moshi au harufu ya kuungua, bledi imekwisha, badilisha.

Msumeno wa mviringo. Mzuri kwa mistari mirefu iliyonyooka. Huu nao hukata kwenda juu, kwa hiyo picha itazame chini. Bledi iwe ya meno mengi na yenye ncha ngumu za kabidi. Kwa chumba kimoja sioni sababu ya kuununua. Kama ni nyumba nzima, azima kwa seremala, tena umwombe akuoneshe kwanza.

Msumeno wa kushusha, ule unaokaa mezani ukaushusha kwa mpini. Unakata kwenda chini, picha iwe juu. Kwa mikato ya upana hauna mpinzani, ila haupasui urefu. Ni mali ya fundi mwenye kazi za kila wiki.

Kikatio cha mpini mrefu, kinachokandamiza kisu juu ya ubao kama mashine ya kukatia karatasi ofisini. Hakina kelele, hakina vumbi, hakitaki umeme. Kinafaa zaidi mikato ya upana, na kona hakiwezi. Sisi tulipouliza madukani Masasi hatukukipata.

Kisu cha kubadilisha wembe. Chenyewe hakikati lamineti ikaisha, usidanganywe. Ila ukikipitisha mara mbili tatu juu ya mstari kabla ya msumeno, uso hautamegeka. Kazi ndogo, faida kubwa.

Grenda. Iache ikate vigae na nondo, kava likiwa mahali pake na bledi yake halali. Bledi ya meno kwenye grenda, hata akikuletea ndugu yako wa damu, mwambie hapana. Mimi sikusema.

SIKU MBILI ZA KUKATA

Tuliporudi tukakaa mezani na daftari. Hela iliyobaki ilikuwa kidogo, na safari hii tuliitaja kwa sauti. Jigiso mpya haikuwezekana. Tukamtafuta fundi wa silingi mwenye jigiso yake, tukamwomba nusu siku tu, yeye na mashine yake, kwa ule mkato mrefu na zile kona mbili. Mikato yote 20 ya upana tukaifanya kwa msumeno wa mkono ambao tayari tulikuwa nao. Gharama yote ikawa chini ya bei ya jigiso. Yaani mwanzo wote ule hatukuihitaji! Tulihitaji kuambiana tu.

Nani alikata? Mimi. Yeye mkono ulikuwa kwenye bandeji, akawa mpimaji. Tulibandika selotepu ya karatasi juu ya mstari, nikapitisha kisu, yeye akakalia upande mmoja wa ubao juu ya benchi, mimi nikaanza kusukuma polepole kama Mjomba alivyosema. Ubao wa kwanza ulinichukua dakika nyingi, na mkono uliuma mpaka begani. Kufika wa kumi nilikuwa najua sauti ya msumeno unaokwenda sawa: haupigi kelele, unapumua.

Fremu ya mlango ilinipa raha kuliko vyote. Badala ya kuukata ubao ufuate kila pindo la fremu, fundi alilaza kipande cha lamineti sakafuni pamoja na lile godoro lake jembamba la povu, akalaza msumeno juu yake, akakata fremu chini kidogo. Ubao ukateleza chini ya fremu kama barua chini ya mlango. Huoni kiungio.

Mama alikaa palepale kibarazani. Siku ya pili jioni akaingia chumbani, akavua kandambili, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Akamwambia mkwewe, "Baba, umefanya kazi." Mume wangu akajibu, "Kakata mwanao, mama. Mimi nimepima." Nilimpenda upya.

KABLA HUJAKATA, SHIKA HAYA

Maboksi yalaze chumbani humo saa 48 kabla ya kuanza, mbao zizoee hewa. Newala yenye ukungu na Masasi yenye joto si hewa moja.

Sakafu ya saruji iwe imekauka kabisa na imenyooka. Tandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kisha povu, ndipo mbao.

Katia nje, kibarazani. Ule unga wake ni mwembamba na una gundi, haufai mapafuni. Vaa barakoa na miwani ya kukinga macho. Glavu usivae ukiwa na mashine inayozunguka, inaweza kuzivuta pamoja na mkono.

Ubao ubanwe kwa kibano au ukaliwe na mtu. Usishike kwa mkono mmoja ukakata kwa mwingine, muulize baba watoto.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa mashine kwenye soketi. Ukirudi ghafla usiikute imelala mapajani kwako.

Usiweke lamineti bafuni wala jikoni. Na chumbani sahau kabisa kupiga deki kwa ndoo ya maji! Maji yakiingia kwenye viungio, zile nyuzi zinavimba na hazirudi. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha. Tena angalia mchwa kwanza. Kama nyumba inao, watibu kabla hujawaletea karamu.

Na acha sentimita moja kati ya ubao na ukuta, pande zote nne. Hili wengi hulidharau, wanataka ubao ubane ukuta ili kazi ionekane safi. Mbao hizi hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika. Zikikosa pa kwenda zinanyanyuka katikati ya chumba, unapata tuta. Hiyo nafasi baadaye hufunikwa na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, na hakuna mgeni atakayejua kwamba ipo.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilikuwa naichukulia kama methali ya kuwakatisha tamaa wenye haraka. Siku hizi nikiikumbuka namwona mume wangu na grenda isiyo na kava, anakimbia mbele ya macho ya wakwe, na mimi nimesimama pembeni nimefunga mdomo.

Kovu lipo, chini ya kidole gumba, na kidole kinakunja vizuri. Mpwa yuko kidato cha sita, anasema godoro lake ndilo nene kuliko yote bwenini. Na kwenye daftari letu la matumizi ya kila mwezi kuna mstari mpya, ameuandika baba watoto kwa mwandiko wake: "Wapwa." Uko juu ya mstari wa vifaa.